Mkono wa Kufumua

Wifi yake alisema mbele ya wanawake saba kwamba mikono ya Chanuo inakula nywele za watu. Aliyasema hayo mchana kweupe, saluni imejaa, mashine ya kukaushia imezimwa ili kila mtu asikie vizuri, na kabla jua halijazama Chanuo hakuwa na kazi. Hakuulizwa kitu. Hakuna hata mmoja aliyesema ngoja kwanza. Hilo ndilo kosa lililotendeka, na afadhali lisemwe mapema, asije mtu akadhani hii ni habari ya mawifi wawili waliogombania kitana.

Chanuo halikuwa jina lake. Walimpachika utotoni kwa sababu ya wembamba wake na meno yake yaliyoachana, na likamganda hivi kwamba hata akiitwa jina lake halisi zahanati alichelewa kuitika. Shule hakuiona. Alichokijua ni vichwa. Akikugusa utosini alijua kama umelala vibaya, kama umejifungua karibuni, kama umenunua mafuta ya bei rahisi ukadanganywa na rangi ya kopo. Wifi yake, dada mkubwa wa mume wake, alipofungua saluni ya viti vinne alimfuata nyumbani akamwambia waje wasaidiane, na kwa miaka kumi na moja wakasaidiana hivi: wifi anasuka, Chanuo anafumua na kuosha.

Sasa, anayesuka na anayefumua hawagawani sawa. Mteja akitoka kusukwa hujitazama kwenye kila kioo cha gari anachokipita, na akiulizwa kasukwa wapi, humtaja msusi kwa mdomo mpana. Mteja aliyefumuliwa huondoka amejifunga kitambaa, macho chini, kama mtu anayetoka kudaiwa. Mkono uliompendeza ulikuwa wa wifi. Mkono uliomwacha na fungu la nywele sakafuni ulikuwa wa Chanuo. Miaka kumi na moja hakuliwaza hilo. Alidhani kazi ni kazi.

Msimu wa baridi ndio uliokuwa msimu wenyewe. Maji yakianza kuuma asubuhi, wanawake wote wa mtaa ule walitaka rasta ndefu za kukaa nazo, kwa maana nani ana hamu ya kulowesha kichwa saa kumi na mbili asubuhi? Walisukwa, wakakaa miezi miwili, wengine mitatu, wakijifunika na kujikuna kwa ncha ya kalamu. Baridi ikiondoka, wote kwa pamoja walikumbuka kwamba wana vichwa. Saluni ilijaa wiki tatu mfululizo, Chanuo akafumua mpaka vidole vikafa ganzi. Na kila mwaka, wiki zile zile, kilio kilikuwa kile kile: jamani, nywele zangu zimekwisha.

Siku yenyewe aliyekuwa kitini alikuwa karani wa ofisi ya maji, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nadhifu, asiyependa mzaha na kichwa chake. Chanuo alipomaliza kumfumua na kupitisha kitana, fungu lililodondoka lilikuwa kubwa kama paka aliyejikunja. Karani alilitazama, akajishika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka bila sauti.

Wanawake wakaanza kutafuta mchawi. Mmoja akasema ni maji ya tangi la mtaa, yana dawa kali. Mwingine akasema ni baridi yenyewe, inaziua nywele kwenye mizizi. Wa tatu akasema ni mawazo, kwamba mwanamke mwenye mume kama wa kwake angeshakuwa na upara tangu zamani, wakacheka kidogo. Mwenye kiti cha mlangoni alisema ni jicho la watu, maana karani amepandishwa cheo. Karani hakucheka. Alifuta uso, akamgeukia mwenye saluni, akamuuliza kwa sauti ya ofisini: "Kwa nini kila mwaka, na kwa nini ni hapa?"

Swali lilikuwa la wifi. Lilimfika kifuani na wote wakaliona linamfika. Akaacha kusuka, akazima mashine, akamnyooshea Chanuo kitana.

"Muulizeni huyo," alisema. "Mimi nasuka nywele zipo. Yeye akishika, hazipo. Mikono mingine inakula, dada zangu, sasa mimi nifanyeje, ni wifi yangu."

Chanuo alikuwa amesimama na lile fungu mkononi. Angekuwa hana kitu mkononi pengine angejibu.

*

Nyumbani mume wake, fundi bomba, alisikiliza yote huku akifungua viatu. Alikuwa mtu mwema na mwoga. Akasema dada yake ana mdomo lakini hana moyo mbaya, atapoa. Chanuo akamwambia aende akamuulize kwa nini amesema vile. Mume akakuna shingo. "Mama watoto, yule ni dada yangu, wewe ni mke wangu. Mimi nimekuwa mlango, kila mtu ananipita." Akala, akalala.

Wifi hakupoa. Neno likatoka saluni likaenda dukani, likaenda kwenye foleni ya maji, na kila lilipopita likanenepa. Waliokuwa wakimpigia Chanuo simu awafumulie nyumbani wakawa na udhuru. Akaanza kufua nguo za watu. Sabuni ikamla vidole, naye akavitazama vile vidole na kuwaza: labda.

Maana hili ndilo lililokuwa baya kuliko kazi kupotea. Aliamini. Si yote, si kila siku, lakini mtu akikuambia jambo mbele ya watu saba na saba wote wakanyamaza, linaingia. Alianza kukumbuka vichwa vya miaka yote na mafungu yote yaliyotoka chini ya mkono wake. Binti yake wa mwisho, wa miaka tisa, alipokuja na kitana asubuhi ya shule, Chanuo akamwambia amwendee baba. Fundi bomba alijitahidi. Mtoto alienda shule na kichwa kama kiota kilichopigwa na upepo, akarudi na barua ambayo Chanuo hakuweza kuisoma na mume hakutaka kuisoma kwa sauti.

Hapo ndipo ilipofikia: mama hashiki kichwa cha mwanawe.

*

Chumba cha pili kwenye ua wao alikipanga mwalimu wa darasa la tatu, mwanamke mwenye miwani na maswali. Kila kitu alikiuliza, hata nyanya alizinunua kwa kuzihoji. Yeye saluni ile aliihama tangu mwaka uliopita kwa sababu redio yake ilikuwa juu mno. Mwaka huu alikuwa amesukwa na mdogo wake, na Jumamosi moja akakaa kwenye ngazi ya mlango wake akajifumua mwenyewe. Chanuo alikuwa akianika mashuka. Alisikia kimya kisicho cha kawaida, akageuka, akamwona mwalimu ameshika fungu, analitazama kama daftari la mtoto aliyeshindwa.

Lilikuwa kama paka aliyejikunja.

Mwalimu akasema anajua mambo yanayosemwa mtaani, na hakuwahi kuyaamini, lakini sasa ana swali. "Mkono wako haujanigusa mwaka mzima, shoga. Hizi nani kazila?"

Chanuo aliweka beseni chini. Alichokisikia kwanza ni furaha, tena furaha mbaya, ya kutaka kubeba lile fungu na kulitupa juu ya meza ya wifi kati ya chupa zake. Halafu akaja karibu, akapiga magoti, akalichukua. Hakuwa ameshika nywele za mtu kwa miezi miwili. Akalichambua kwa ncha za vidole kama anavyochambua mchele.

Akaomba kitambaa. Mwalimu akaleta cheupe, na juu yake nywele zilionekana nyeusi, basi, hakuna kingine. Chanuo akavuta sketi yake mwenyewe, nyeusi ya kazi, akaitandaza gotini na kuweka unywele mmoja. Akauinamia. Mwishoni kabisa kulikuwa na kidoa cheupe, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Akaweka wa pili. Kidoa. Wa tatu, wa nne, wa kumi. Mwalimu akatoa lenzi ya kufundishia wadudu, wakainamiana juu ya sketi ile kama watu wanaotafuta sindano.

"Umeng'oka na mzizi wake," mwalimu akasema kwa huzuni.

Chanuo akatikisa kichwa. Yeye alikuwa ameng'oa nywele za watu kwa bahati mbaya mara nyingi za kutosha kujua. Anayeng'olewa hupiga kelele. Hizi hazikuwa zimeng'olewa. Zilikuwa zimetoka zenyewe, zimemaliza siku zao, zikabaki ndani ya rasta kwa sababu rasta imezishika. Zingekwenda wapi? Akamuuliza mwalimu alisukwa lini. Miezi mitatu. Akamuuliza, kabla ya kusukwa, kila siku akichana, kitana kilitoka na nywele ngapi. Mwalimu akasema kidogo tu, za kawaida, ananyofoa anatupa.

"Basi hizo za kawaida, miezi mitatu hukuzitupa," Chanuo akasema. "Umeziweka zote kichwani, leo umezipokea kwa mkupuo."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha, kwa kuwa ni mwalimu, akasema kwamba hilo ni wazo zuri lakini bado halijajaribiwa.

*

Wakalijaribu. Lilichukua mwaka, na mwaka ni mrefu kwa mtu anayefua mashuka ya watu. Msimu wa baridi uliofuata, mwalimu hakusuka rasta. Kila asubuhi alichana kwa maji ya uvuguvugu, na nywele za kitana akaziweka kwenye bahasha, bahasha moja kila wiki, tarehe juu. Siku moja alizihesabu: arobaini na tatu. Wiki nyingine, za siku moja zikafika themanini, akaja kugonga mlango wa Chanuo hajavaa viatu. Mdogo wake, mwenye nywele kama zake, alisukwa kama kawaida na kuambiwa asifumue mpaka aitwe.

Siku ya kufumua walikaa uani asubuhi. Chanuo hakutaka kushika. Mwalimu akamngoja, na mdogo wake akainamisha kichwa, akasema shingo itamuuma, wafanye haraka. Chanuo akanawa mikono mara mbili, akaanza. Vidole vilikuwa vimekuwa vikavu, lakini njia havikuisahau.

Fungu la mdogo mtu likawekwa kwenye kitambaa cheusi. Pembeni mwalimu akamwaga bahasha zake zote. Mafungu mawili, mmoja akiwa amepoteza kidogo kidogo kwenye kitana asubuhi na mwenzake mara moja kwa mkono wa Chanuo, na hakuna jicho ambalo lingesema lipi ni kubwa.

Bahasha zilisema na jambo jingine ambalo hawakulitafuta. Hazikulingana unene. Za mwanzo wa baridi zilikuwa nyembamba, na za mwishoni, pale hali ya hewa inapogeuka, zilivimba, halafu zikapungua tena zenyewe bila dawa yoyote. Kwa hiyo wale wanawake wa saluni hawakuwa wajinga kabisa: msimu wa kupukutika upo kweli. Kwa nini wiki zile, Chanuo hakujua, na mwalimu, aliyesoma, alikiri kwamba na yeye hajui, ila amesoma kwamba huwapata watu wengi na nywele hurudi. Chanuo akapenda kwamba amekiri. Watu waliomhukumu hawakukiri kutojua hata kidogo.

Jioni ile, jua bado lipo, akamwita binti yake akakae kati ya magoti yake. Mtoto akauliza kama baba amefukuzwa kazi. Akamwambia amestaafu.

*

Karani wa ofisi ya maji alikuja wiki mbili baadaye, ameletwa na maneno ya mwalimu. Alisimama langoni na kitambaa kichwani mpaka Chanuo akamwambia aingie, haliwi mtu humu. Karani hakujua acheke au aondoke. Akaingia.

Alikuwa amekwisha kuzunguka. Alikunywa vidonge vya vitamini, akabadili shampuu mara nne, akalalia foronya ya hariri, akaacha kahawa, akapimwa damu na kuambiwa iko sawa. Kila mwaka nywele ziliendelea kutoka, na sasa sehemu ya mbele, juu ya paji, ilikuwa imerudi nyuma vidole viwili. Alikuwa na rasta za wifi, za baridi ile ile. Akaomba afumuliwe hapo hapo, mbele ya mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitolea kung'olewa jino.

Chanuo alifumua polepole. Akachambua fungu kwenye kitambaa cheusi, akamwonyesha karani vidoa kwa lenzi, mmoja mmoja, mpaka karani akaanza kuviona bila kuonyeshwa. Hizi za katikati, akamwambia, usizililie, muda wake ulifika, nyingine ziko njiani.

Kisha akatenga fungu dogo la pili. Nywele fupi, zisizo na kidoa, zimekatika. Baadhi zilikatika karibu na ncha, na hizo akazisogeza upande wake. "Hizi ni zangu," akasema. "Za miaka ile ningekuonyesha nyingi zaidi. Nikiwa na haraka nilikuwa nafumua kwa mkia wa kitana badala ya vidole. Hata leo nimekukata hizi kumi. Nisamehe."

Karani alimtazama. Mwalimu naye alimtazama. Hakuna aliyekuwa amemdai hilo.

"Na huku mbele?" karani akauliza.

Chanuo alipitisha kidole pale mbele. Alijua jibu tangu alipogusa paji lile: vipele vidogo vigumu kwenye mstari wa nywele, ngozi imevutwa mpaka inang'aa. Wifi alipenda rasta zinazobana. Alisema zinazobana ndizo zinazodumu, na wateja walisifu hivyo hivyo huku wakimeza dawa za maumivu siku mbili za kwanza. Kwa mwaka mzima Chanuo alikuwa ameutunga moyoni usemi wa siku kama hii. Ulikuwa mrefu, na ulikuwa na maneno ya kumkata wifi vipande. Sasa alikuwa na kichwa cha mtu kati ya mikono yake, kina joto, kinamngoja, na ule usemi ukamwishia.

"Huku umevutwa," akasema. "Ukiwa hulali siku ya kwanza kwa maumivu, hizo si rasta, ni kamba. Acha kubana msimu mmoja, miwili. Nadhani zitarudi, kwa maana ngozi haijafa, bado ina vishimo. Sikuahidi. Zisiporudi, nenda kwa daktari wa ngozi, usije kwangu."

Karani akauliza ni nani basi aliyemvuta, kana kwamba hajui. Chanuo akamjibu kwamba karani mwenyewe anamfahamu msusi wake, basi amtaje mwenyewe.

Na karani akamtaja. Jumamosi iliyofuata aliingia saluni ile akiwa na nywele zake fupi, hana kitambaa, akasimama mlangoni na kueleza kwa sauti ya ofisini kwa nini hatakaa tena kwenye kile kiti, na kwamba mwaka ule yeye alinyamaza na anajutia. Ndivyo alivyolipa lake. Wengine sita walilipa kwa namna zao, mmoja mmoja, kwa kuja uani na vichwa vyao. Wawili walisema pole. Mmoja alileta sabuni. Walioona aibu kusema walikaa kitini wakainama, na Chanuo akakubali kwamba kuinamisha kichwa mbele ya mkono waliousema vibaya ni maneno pia, kwa mtu asiye na maneno.

Sasa msimu ukigeuka wanakuja mapema. Wanasukwa kwa kulegeza, wanafumua kila baada ya wiki sita, na fungu likidondoka wanalitazama kwenye kitambaa cheusi, wanatafuta vidoa, wanasema za kawaida hizo, wanaendelea na umbea wao. Mwezi uliopita karani aliinamisha paji lake kwenye mwanga na kumwambia Chanuo apitishe kidole. Kulikuwa na vinywele laini, vimelala kama vya mtoto mchanga, upana wa nusu kidole. Chanuo alivipapasa mara ya pili ili awe na hakika, na karani akamwambia aendelee, asiache.

Wifi naye amesikia. Ametuma salamu kwa mdogo wake, fundi bomba, aliyezileta mezani kama mtu aliyebeba chombo kilichojaa pomoni: dada anasema yaliyopita yamepita, yaishe. Siku nyingine akaja mwenyewe, akakuta Chanuo yuko peke yake anaanika mataulo, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba labda siku ile alizidisha. Chanuo akampa maji ya kunywa, kwa sababu ni wifi yake na jua lilikuwa kali. Neno lile hakulipokea.

Maana neno la mikono halikusemwa kwa sauti ya chini. Lilisemwa saluni imejaa, mashine imezimwa. Pole nyingine zote zimeshafika. Inayobaki ni moja, na mwenye kudaiwa anajulikana: ni wifi, dada mkubwa wa mume wake, mwenye saluni ya viti vinne. Azime mashine yake siku ya Jumamosi viti vikiwa vimejaa, aseme kwamba mikono ile haikula nywele za mtu, na kwamba alilijua hilo au hakutaka kulijua. Si lazima aseme mengi. Chanuo hatakuwepo kusikia. Ana vichwa vya watu uani. Lakini atajua limesemwa, kwa maana lile la kwanza halikuchukua hata siku moja kufika mtaa mzima.